Friji Langu Linanguruma, Ulisema Kweli

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila kabla sijakuuliza habari zako nina deni la kukuomba radhi. Unakumbuka ulipolala kwangu, ukaamka macho mekundu ukasema friji limekunyima usingizi? Nilikucheka. Nikakuapia kwamba friji langu halina sauti. Basi linayo, tena si ndogo.

Nimelijua hilo hivi. Wiki mbili zilizopita nilizima redio na runinga, na simu nikaiacha ya kupigiwa tu, data sifungui. Hakuna aliyenishauri, nilikuwa nimechoka kusikia habari ileile mara sita kwa siku kutoka vinywa sita. Nikajua sasa nitapata ukimya. Usiku wa kwanza nimelala chali gizani, jikoni kuna kitu kinavuma, wala sikukitia maanani. Mara friji likajitikisa, kda! likazima, chupa zilizo juu yake zikagongana. Mvumo ulipokatika ndipo nilipotambua kwamba ulikuwapo. Miaka yote hiyo nalala na redio nikidhani naipenda, kumbe nalifunikia friji!

Nawe unanijua, sikukubali hivihivi mpaka nijue kinachovuma. Katika nchi nyingi umeme wa majumbani huenda mizunguko 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko sumaku iliyo ndani ya mota huvuta mara mbili. Kwa hiyo chuma kinatetemeka mara 100 kila sekunde, na mtetemo huo ndio unaoguna usiku kucha. Sakafu ikiwa haiko sawa, mwili wote wa friji nao huitikia.

Baada ya friji masikio yakafunguka moja kwa moja. Bomba la jikoni linadondoka. Nilitega kikombe nilipokwenda kulala, asubuhi nimekikuta kinafurika. Jirani ana kikohozi cha saa kumi alfajiri, sasa nimekizoea kiasi kwamba asipokohoa nashtuka. Malori ya barabara ya mbali, ambayo mchana siyasikii kabisa, usiku nayasikia yakibadili gia. Hilo nalo lina sababu yake: usiku ukitulia, hewa ya karibu na ardhi hupoa kuliko ya juu, na sauti iliyokuwa inapanda kupotea hupindishwa ikarudi chini, mpaka kitandani kwangu.

Halafu kuna mimi mwenyewe. Nikikaa naguna, nikiinuka naguna. Mbona hukuniambia?

Nilifarijika kidogo kwa kisa cha mwanamuziki Mmarekani, John Cage, aliyeingia mwaka 1951 katika chumba kisicho na mwangwi huko Harvard, akitaraji kutosikia kitu. Alisimulia kwamba alisikia sauti mbili, moja nyembamba na moja nzito, akaambiwa ile nzito ni damu yake inavyozunguka. Kama chumba kile hakikumpa ukimya, mimi na jikoni langu tutaupata wapi?

Usinione nimekuwa walii. Siku ya nne mkono ulikuwa bado unaingia mfukoni wenyewe kutafuta simu, na siku ya saba nilisoma maandishi yote ya nyuma ya boksi la sabuni. Habari za dunia sikuzikosa, wenye kuzisimulia ni wengi. Nilichokosa ni picha za mwanao akisimama dede. Nimeziona jana nilipofungua data, na kumbe sasa anatembea. Hilo limeniuma.

Njoo ulale tena. Mguu mmoja wa friji ulikuwa haugusi sakafu, nimeutilia kipande cha kadibodi, na chupa nimezishusha. Bado linaguna, ila halirushi mateke. Bomba sijalitengeneza. Ukishindwa kabisa, redio ipo, nitakuwashia.

Wako,
mguna wa kitini