Barua ya wazi kwa mkuu wa shule: Mwanangu Kilatini anakijua, shida ni karatasi

Shikamoo mkuu. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Sheria inasema mzazi asiyejua Kiingereza vizuri atafutiwe mkalimani kwenye kikao cha ARD, kile cha kupanga masomo ya mtoto wa elimu maalum, lakini mwezi wa pili nilikaa saa nzima naitikia tu kwa kichwa na nusu ya maneno yananipita. Leo na nyie tafuteni wa kuwasomea.

Mwanangu yupo darasa la tano, ana disleksia, yaani kusoma na kuandika maneno kunampa tabu, na mmempima wenyewe baada ya mimi kusumbua tangu la tatu. Halafu mkasema, kwa upole kabisa, kwamba masomo ya kiklasiki, Kilatini na maandiko ya kale, ni mazito, si ya kila mtoto, labda nijaribu shule nyingine. Mkuu, shule yenu ni ya chata, ya umma ila mnaiendesha wenyewe, inakula kodi zetu, haina ruhusa ya kumkimbia mtoto kwa sababu ya ulemavu. Na hapa Texas hii ngoma tulishaicheza, 2004 jimbo liliweka kiwango cha asilimia 8.5 ya wanafunzi wa elimu maalum, shule zikawa zinakwepa hata kuwapima watoto, mpaka 2018 wizara ya elimu kule Washington ikasema wazi sheria imevunjwa. Sasa mnataka turudi kwa mlango wa nyuma?

Ila sheria tuiache, kinachoniuma ni kwamba huyu mtoto hamjamsikiliza. Asubuhi kwenye gari ni Kilatini, neno la msichana na miisho yake, puella, puellae, puellae, puellam mpaka mdogo wake wa miaka minne naye kashika. Shairi la kukariri ni siku mbili analo lote, hiyo katoa kwa bibi yake Tanga, ambaye hata jina lake hajui kuliandika lakini utenzi anaushusha beti kwa beti hadi uji unapoa. Ijumaa maneno yale yale yakaja kwenye karatasi, kapata 4 kati ya 20. Nimeiangalia ile karatasi kwenye taa, kaandika pulea, kafuta, kaandika peulla, kafuta, mwisho pametoboka.

Na nyie ndo mnaofundisha kwamba Homer, yule mshairi wa Ugiriki ya kale, inasemekana alikuwa kipofu! Habari ya Demosthenes, msema hotuba wa huko huko Ugiriki, na kigugumizi chake, anasema hotuba na kokoto mdomoni, nimesimuliwa na huyu huyu mtoto tukiwa mezani, kaisikia kwenu. Yani nashindwa kuelewa, mambo yaliyoanzia mdomoni na sikioni leo yamekuwa mali ya wenye kalamu nyepesi tu?

Sitaki apewe Kilatini chepesi, wala akalishwe nyuma apake rangi wenzake wakisoma. Mtihani afanye kwa mdomo. Vitabu virefu avisikilize huku anafuata kwa kidole, na yale ya ubaoni apewe nakala, maana akinakili anamaliza kipindi hajasikia kitu. Muda wa ziada pia. Na kusoma kwenyewe afundishwe sauti moja moja na mtu aliyesomea kazi hiyo, sio msaidizi anayebadilishwa kila wiki. Mwalimu wake wa Kilatini wala hana shida, anangoja ruhusa yenu tu.

Mwezi wa tano nakuja naye, mpeni dakika tano asimame aseme shairi lake. Na mkalimani awe wa Kiswahili jamani, mara ile mlileta wa Kiarabu.

Mama wa mwanafunzi