Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Moïse Tshombe na Katanga Iliyojitenga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Balozi mstaafu,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali kuja Kigoma kutusikiliza. Desturi ya klabu yetu ni kumchagua mtu mmoja katika historia ya Afrika, kumsoma mwaka mzima, na kisha kuyaweka tuliyoyapata mbele ya mgeni mwenye uwezo wa kutuhoji. Mwaka huu tumemsoma Moïse Tshombe, rais wa Katanga iliyojitenga na Kongo kati ya mwaka 1960 na 1963. Baadhi ya wazazi walituuliza kwa nini tusimsome Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ambaye Dar es Salaam imempa mtaa. Tulijibu kwamba Lumumba anafundishwa, anaheshimiwa na anajulikana, ilhali mpinzani wake aliyempokea akiwa amefungwa kamba tunamjua kwa sifa ya ukibaraka tu. Tulitaka kujua mtu anafikaje hapo, hasa kwa kuwa Katanga iko ng'ambo ya ziwa letu na watu wake wanazungumza Kiswahili kama sisi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Tshombe alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 huko Musumba, makao ya Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda. Baba yake, Joseph Kapenda Tshombe, alikuwa miongoni mwa Waafrika wachache sana waliotajirika chini ya utawala wa Wabelgiji. Kijana Moïse alisoma katika shule za wamisionari Wamethodisti kutoka Marekani, akajifunza uhasibu, akamwoa binti wa ukoo wa kifalme wa Walunda, na akarithi biashara za baba yake, ambazo hazikumwendea vizuri hata kidogo. Mhasibu aliyefilisika akaingia kwenye siasa: tunakiri kwamba sehemu hii ilituchekesha darasani, lakini ina uzito wake, maana inaonyesha kwamba alikulia katika dunia ya maduka, mikopo na makampuni, wakati wenzake wengi wa kizazi kile walilelewa na vyama vya wafanyakazi au ofisi za serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikaa katika baraza la jimbo la Katanga, akazoea kuzungumza na walowezi wa Kibelgiji kama mtu wa kupatana nao.

Chama chake, CONAKAT (shirikisho la vyama vya makabila ya Katanga), kilianzishwa mwaka 1958, na hapa inabidi tukae kidogo, kwa sababu bila kuelewa malalamiko yaliyokizaa chama hicho mtu hawezi kuelewa yaliyofuata. Kampuni ya Union Minière, iliyochimba shaba na kobalti ya Katanga, na pia urani ya Shinkolobwe, ilikuwa imewaleta wafanyakazi wengi kutoka jimbo jirani la Kasai. Katika uchaguzi wa manispaa ya Elisabethville (sasa Lubumbashi), mji mkuu wa Katanga, wa mwaka 1957, wengi wa walioshinda walikuwa wahamiaji hao, na wenyeji waliona kwamba uhuru ukija watatawaliwa na wageni katika mji wao wenyewe. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Yaliwaleta pamoja Tshombe Mlunda na Godefroid Munongo Myeke, wa ukoo wa Msiri, yule mfanyabiashara aliyetoka upande wetu huu wa magharibi ya Tanganyika, akajenga ufalme Bunkeya na kuuawa na msafara wa Wazungu mwaka 1891. Hata hivyo, walowezi nao walikuwa na hofu zao kuhusu uhuru, na muda si mrefu hofu za makundi hayo mawili zikapata chama kimoja cha kuzisemea.

Katika uchaguzi wa Mei 1960 CONAKAT ilipata viti 25 kati ya 60 vya bunge la jimbo. Wapinzani wao wa BALUBAKAT, chama cha Waluba wa Katanga, waliokuwa na nguvu kaskazini chini ya Jason Sendwe, walisusia vikao ili akidi isitimie. Ubelgiji, ikiwa imebakiza siku chache tu za kuitawala Kongo, ikaibadilisha sheria ili serikali ya jimbo iweze kuundwa bila wao. Ndivyo Tshombe alivyopata kiti chake. Sisi tunaona kwamba siku hiyo inaeleza mengi kuliko ile ya kujitenga yenyewe, ambayo vitabu vingi huanza nayo.

Kongo ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Baada ya siku chache askari wakaasi dhidi ya maofisa wao wa Kibelgiji, majeshi ya Ubelgiji yakaingia bila ridhaa ya serikali ya Lumumba, na tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kwamba Katanga ni nchi huru. Ilikuwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, fedha yake, stempu zake na jeshi la polisi lililoundwa na maofisa wa Kibelgiji. Kodi ambazo Union Minière ilipaswa kuzilipa Léopoldville (sasa Kinshasa), makao ya serikali ya Kongo, zikalipwa Elisabethville. Hakuna nchi hata moja duniani iliyoitambua rasmi, hata Ubelgiji yenyewe iliyoisaidia kwa watu na silaha. Na kaskazini mwa jimbo hilohilo Waluba waliikataa serikali yake na kuchukua silaha, wakachomewa vijiji. Kwa hiyo kiongozi aliyedai haki ya watu wa Katanga kujiamulia mambo yao aliinyima sehemu kubwa ya Katanga haki hiyohiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, ambaye alikuwa ameondolewa madarakani na kufungwa, pamoja na wenzake wa kisiasa Maurice Mpolo na Joseph Okito, walipelekwa Elisabethville kwa ndege, wakapigwa njiani na baada ya kufika, na usiku uleule wakauawa kwa risasi. Tume ya Bunge la Ubelgiji ilithibitisha baadaye kwamba viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji walikuwapo. Serikali ya Tshombe ilikaa kimya kwa wiki kadhaa, kisha mwezi Februari ikautangazia ulimwengu kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Kuna wanaomtetea Tshombe kwa kusema kwamba Léopoldville ndiyo iliyomtupia mzigo huo. Ni kweli kwamba Lumumba alipelekwa huko na maadui zake wa Léopoldville. Lakini uongo ule wa wanakijiji ulitungwa Elisabethville, na hakuna aliyemlazimisha kuutunga. Miili iliharibiwa kwa tindikali. Jino moja tu la Lumumba ndilo lililobaki, nalo lilirudishwa kwa familia yake Brussels mwaka 2022.

Yaliyofuata ni vita na mazungumzo yaliyopishana. Umoja wa Mataifa ulipigana na askari wa Katanga na mamluki wao mwezi Septemba 1961, na Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld akafa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, alipokuwa njiani kwenda kukutana na Tshombe. Desemba mwaka huohuo Tshombe alisaini mkataba huko Kitona, magharibi mwa Kongo, kwamba Katanga ni sehemu ya Kongo, akarudi nyumbani na kuvuta muda mwaka mzima. Kutia saini na kuchelewesha ndiyo siasa aliyoimudu kuliko wote. Ilikoma Januari 1963, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoiteka miji yake, naye akaenda kuishi Hispania.

Sehemu iliyotushangaza zaidi ni kurudi kwake. Julai 1964 Rais Kasavubu alimwita aliyeigawa nchi awe Waziri Mkuu wa nchi nzima, kwa sababu waasi wa Simba walikuwa wameteka mashariki na serikali haikuwa na jeshi la kutegemewa. Tshombe alitumia njia alizozijua: askari wake wa zamani wa Katanga, mamluki chini ya Mike Hoare, na tarehe 24 Novemba makomando wa Kibelgiji walioshushwa Stanleyville (sasa Kisangani), mji uliokuwa mikononi mwa waasi, kwa ndege za Marekani. Alishinda kivita. Barani Afrika alipoteza kila kitu. Oktoba mwaka huo alipokwenda Cairo kwenye mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote, wenyeji walimzuia katika jumba moja na hakuruhusiwa kuingia ukumbini. Na hapa Kigoma, Mheshimiwa, ndipo upinzani dhidi ya serikali yake ulipopitia: mwezi Aprili 1965 Che Guevara na Wacuba wenzake walivuka ziwa kutoka mwambao wetu kwenda kuwasaidia wapiganaji wa Laurent Kabila, ambaye ujana wake wa kisiasa ulikuwa kaskazini mwa Katanga, upande uliopigana na Tshombe.

Mwaka 1965 muungano wa vyama alioujenga ulishinda viti 122 kati ya 167 vya bunge, na kwa kura hizo pengine angekuwa rais. Kasavubu akamfukuza kazi mwezi Oktoba, mvutano wao ukaendelea, na Novemba Mobutu, mkuu wa jeshi, akanyakua madaraka na kuwaweka kando wote wawili. Tshombe akarudi Hispania, akahukumiwa kifo mwaka 1967 bila kuwapo mahakamani. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo ndege aliyopanda ilitekwa angani na kupelekwa Algeria. Algeria haikumkabidhi kwa Mobutu wala haikumwachilia. Alikufa kizuizini tarehe 29 Juni 1969, ikaelezwa kuwa ni moyo, akazikwa Brussels.

Katika mijadala yetu hatukukubaliana kuhusu kila jambo. Wenzetu wachache wanashikilia kwamba hofu ya wenyeji wa Katanga ilistahili katiba ya majimbo, na kwamba kama Léopoldville ingeikubali mapema, Tshombe angebaki mwanasiasa wa jimbo asiyejulikana nje. Wengi wetu tunaona kwamba hofu hiyo aliipata ikiwa ya kweli, akaiuza. Fedha zake zilitoka kwa kampuni, maofisa wake walitoka Ubelgiji, na kila mara wafadhili hao walipobadili mawazo, hakuwa na umma wa kumkinga. Tunakuomba, kwa uzoefu wako wa kibalozi, utuambie ni upande upi wa mjadala huu ulio karibu zaidi na ukweli, na pia kwa nini Tanzania, ambayo Mwalimu Nyerere wake alitetea mipaka ya kikoloni katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Cairo mwaka 1964, iliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, mwaka 1968.

Klabu ina ombi moja la vitendo. Wazee wa mji huu walioshuhudia wakimbizi wa Kongo wakishuka ufukweni miaka ile bado tunao, ila wanapungua, na hatuna kinasa sauti cha kuhifadhia maelezo yao. Hotuba na nyaraka nyingi za Katanga ziko kwa Kifaransa, lugha ambayo shuleni kwetu haifundishwi. Tukipata kinasa sauti, na mtu wa kututafsiria angalau hotuba chache, mwaka ujao tutaanza na ushahidi wa wazee wetu kuhusu mwaka 1964 na 1965.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.