Mauzo ya Aprili yameingiaje Machi?

Kila mwisho wa mwezi tunapigiwa simu na wenye maduka wakilalamika kitu kilekile: ripoti ya Excel haiendani na risiti. Mauzo ya tarehe 3 Aprili yanasomeka Machi 4, na siku nyingine hazimo kabisa kwenye jumla. Kabla hujamshuku kijana wa kaunta, jiulize ni nani aliyepiga Windows kwenye hiyo kompyuta.

Laptopu nyingi za mtumba huachwa kwenye mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Sasa fungua faili la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato) ulilotoa kwenye programu ya duka: 03/04/2025 inakuwa Machi 4, na Excel haitoi onyo lolote. Tarehe 4/4 itabaki sahihi, jambo linalozidi kukupoteza. Kuanzia tarehe 13 mambo yanageuka. Mwezi wa 13 haupo, kwa hiyo Excel inaiacha 13/04/2025 kama maandishi tu, na maandishi hayajumlishwi kwenye mauzo ya mwezi.

Itazame safu ya tarehe bila kugusa kitu. Tarehe halisi hukaa kulia mwa kisanduku, maandishi hukaa kushoto. Ukiona nyingine zimeegemea huku na nyingine kule, umeshampata mchawi.

Kubadili muonekano wa visanduku hakusaidii, maana kwa ndani Excel imeshaigeuza tarehe kuwa namba ya siku nyingine. Rudi kwenye faili la awali. Funga Excel, ingia kwenye mipangilio ya Windows sehemu ya saa na lugha, chagua mpangilio wa Uingereza, kisha lifungue upya.

Namba za simu nazo zina balaa lake: 0754 inapoteza sufuri ya mbele, na ile inayoanza na 255 inageuka 2.55754E+11. Hiyo ya pili unaweza kuirudisha. Namba ya NIDA ikiandikwa bila vistari, hapana. Ina tarakimu 20, Excel hutunza 15, na tano za mwisho zinakuwa sufuri. Safu kama hizo zipangwe kuwa maandishi kabla ya kuingiza data, si baadaye.

Usijione mshamba. Mwaka 2020 wataalamu wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walitangaza kubadili baadhi ya majina, MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa kuwa Excel ilikuwa ikiyafanya tarehe. Programu iliwashinda, wakabadilisha majina.

Ukituletea kazi ya kurekebisha, njoo na faili lilivyotoka kwenye programu ya duka, kwenye flashi. Kama umeshalifungua kwa Excel, lifunge bila kulihifadhi. Ukishalihifadhi, zile tarakimu za NIDA itabidi uwaombe wateja upya.