Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: Polisi wa akiba wafunzwe, wapewe leseni

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu polisi wa akiba, raia wa kujitolea wanaolinda vijiji vyao, ambao huku Bonde la Kerio wengi bado tunawaita KPR (Kenya Police Reserve) ijapokuwa sheria ya mwaka 2011 iliwabadilisha jina. Mifugo ikiibwa, hao ndio hufika kwanza. Wanajua njia za korongoni na mahali majangili hunywesha mifugo ya wizi, na wakipigiwa simu usiku wa manane huamka wakaenda. Sipingi wapewe bunduki. Ninachoomba ni kwamba asikabidhiwe mtu yeyote bunduki kabla ya kupita mafunzo yanayojulikana, na kabla ya kupewa leseni yenye jina lake na tarehe ya kuisha.

Mwaka 2019 serikali ilikusanya bunduki za polisi wa akiba katika kaunti kadhaa za Bonde la Ufa, ikisema baadhi yao wanazitumia vibaya. Sina shaka walikuwepo waliozitumia vibaya. Lakini waliokuwa wakitulinda kwa uaminifu walinyang'anywa pamoja nao, na vijiji vikabaki wazi. Miaka ilipita, na mwaka 2023, wakati wa Operesheni Maliza Uhalifu dhidi ya wezi wa mifugo, serikali iliajiri wengine. Watu walizikwa katika kipindi hicho, Mheshimiwa. Laiti kila mmoja angekuwa na leseni yake na faili yake, mkosaji angefutiwa leseni peke yake, na kijiji kingebaki na walinzi wake.

Bawabu anayeshika rungu langoni Nairobi anatakiwa na sheria ya mwaka 2016 kufunzwa na kusajiliwa. Raia anayetaka bastola yake binafsi huchunguzwa na bodi, na cheti chake kina muda. Iweje kijana anayekabidhiwa G3, bunduki ambayo risasi yake hupita kundi la ng'ombe ikafika nyumba za ng'ambo, atoke na mafunzo yanayotegemea yuko kaunti gani na mkufunzi alikuwa nani?

Mafunzo yenyewe yasiwe gwaride na shabaha tu. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linataka afisa ajitambulishe na aonye kabla ya kufyatua risasi, isipokuwa onyo lenyewe litahatarisha maisha, amsaidie aliyejeruhiwa, aripoti kwa mkubwa wake. Polisi wa akiba ayajue hayo kwa lugha anayoielewa, Kipokot, Kimarakwet au Kiturkana, na atahiniwe. Afunzwe kufunga jeraha linalovuja damu, kwa kuwa hospitali iko mbali. Zaidi ya yote, afunzwe wakati wa kutofuata nyayo. Novemba 2012, huko Baragoi, Kaunti ya Samburu, zaidi ya maafisa 40 wakiwemo polisi wa akiba waliviziwa na kuuawa walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Wengi wao hawakukosa ujasiri.

Kabla ya leseni kutolewa, majina yasomwe kwenye baraza la chifu, na wanawake wasikilizwe faraghani pia, maana wao ndio wanaojua nani hulewa na nani humtishia mkewe. Leseni ihuishwe kila mwaka baada ya kupimwa shabaha, afya na akili, na risasi zihesabiwe kituoni zikitoka na zikirudi. Askari wa hifadhi za wanyamapori za jamii wanaobeba silaha kama polisi wa akiba wapimwe kwa kipimo hichohicho.

Najua utaambiwa masharti haya yatawakimbiza watu wa kujitolea. Kinachowakimbiza ni kuacha mbuzi bila mchungaji kwa wiki kadhaa huku nyumbani hakuna unga. Walipwe posho siku za mafunzo, na atakayeuawa kazini familia yake ilipwe fidia bila kuzungushwa ofisi hadi ofisi.

Mheshimiwa, haya yaandikwe kwenye kanuni na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi kabla ya kundi lijalo kukabidhiwa silaha. Kama tatizo ni mahali pa kufundishia, madarasa yetu huwa matupu likizo ya Agosti, na tuko walimu tulio tayari kutafsiri.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa shule ya msingi, Bonde la Kerio