Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: livu tunayo, tuichukue

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha wazazi wa kuasili, hamjambo nyote, wazazi, walezi, na nyinyi ambao bado mnangoja simu kutoka kwa sosaiti, wale wanaokukabidhi mtoto wa kuasili, mkishtuka kila simu ikilia.

Kawaida taarifa hii huanza na hesabu lakini mweka hazina ameshaweka zake kwa grupu na hakuna mtu amelalamika, kwa hivyo nitasema tu akaunti iko sawa na wenye madeni ya mchango wanajijua. Pikiniki ya watoto pale Arboretum ilinyeshewa na watoto wakafurahia hiyo mvua kuliko keki. Tusonge.

Jambo lililotuchukulia muda mwingi mwaka huu ni livu, yaani likizo ya kazini ya mzazi anayeasili mtoto. Wengi wenu mliisikia mara ya kwanza kwa mikutano yetu na hiyo ilinishangaza manake sheria yenyewe si ya jana. Mheshimiwa Martha Wangari, mbunge wa Gilgil, alileta mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira mwaka wa 2019, akausukuma mpaka ukapita, Rais Uhuru Kenyatta akautia sahihi mwisho wa Machi 2021 na Aprili ukaanza kutumika. Kabla ya hapo mama aliyejifungua alikuwa na miezi mitatu, baba wiki mbili, na mzazi wa kuasili hakuwa na chochote, ilibidi ule siku zako za mwaka ama ujifanye mgongo unauma. Sasa kipengele cha 29A cha Sheria ya Ajira kinakupa mwezi mmoja na mshahara wote, uwe mama uwe baba, uwe na mwenzako ama uko peke yako.

Shida iko kwa maofisi. Dada mmoja wetu anafunza shule ya private huko Eastlands, alipoomba livu akaambiwa alete kwanza oda ya korti, ile inayomfanya mtoto kuwa wako kisheria, na si yeye peke yake, hii stori ya oda tumeisikia kwa watu wa benki, wa supamaketi, hata wa kampuni kubwa zenye mawakili wao. Sasa skizeni vizuri kwa sababu hapa ndipo watu wanashindwa. Livu inaanza siku unayokabidhiwa mtoto. Oda ya Mahakama Kuu siku hiyo huwezi kuwa nayo hata ukiwa nani, manake sheria inataka mtoto akae na wewe miezi mitatu mfululizo hapa Kenya ndio upeleke maombi, halafu kuna mtu wa kusimamia masilahi ya mtoto kwa hiyo kesi, kuna ripoti ya watu wa idara ya watoto, na huko korti za Milimani mnajua vile tarehe husukumwa. Ukingoja oda ndio uchukue livu mtoto atakuwa anakufungulia mlango. Ndiyo maana sheria yenyewe inaiita livu ya kabla ya kuasili, kabla, si baada.

Kile unafaa kufanya ni kumwandikia bosi siku 14 kabla ya siku ya kukabidhiwa, na uambatanishe karatasi za sosaiti, yaani makubaliano yenu ya ulezi na ile barua ya kukuruhusu kuondoka na mtoto. Basi. Usipeleke kwa mdomo, usiseme "bosi tutaongea", peleka barua na kopi yako igongwe stampu ya kupokelewa. Yule mwalimu wetu aliandika mara ya pili akabandika kipengele chenyewe kwa barua na akapewa mwezi wake, ingawa kuna mtu kwa hiyo ofisi alimuuliza livu ni ya nini na hakuzaa. Huyo tumemwachia Mungu.

Wabunge tunawatusi sana, na mara nyingi wanastahili, lakini mswada wa mbunge binafsi kufika mwisho si mchezo, mingi hufa bunge likiisha. Mwingine wa kutajwa hapa ni Mheshimiwa Millie Odhiambo wa Suba North. Yeye alikuwa wakili wa haki za watoto kabla ya siasa, na akiwa mbunge mteule ndiye alileta mswada uliozaa ile Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010, na huu wa kusaidia wasiopata watoto kwa njia ya teknolojia amekuwa akiusukuma bunge baada ya bunge. Hiyo ya 2010 inatuhusu sana. Mwaka huu pia wanachama wamepigiwa simu na watu wa "kuna mtoto mahali, tuma kitu kidogo, karatasi tutapanga". Jameni. Ulanguzi ni kifungo kisichopungua miaka 30 ama faini isiyopungua milioni 30, na sheria imetaja waziwazi kuasili mtoto kwa ajili ya ulanguzi. Najua njia ya halali inachosha, mimi mwenyewe imenichosha, lakini hiyo nyingine mtoto anaweza kuchukuliwa kwako akiwa darasa la pili na hutakuwa na la kusema.

Kwa Sheria ya Watoto ya 2022 nitapita haraka, tuliifanyia semina. Ile ya zamani ilikuwa ya 2001, ikaachwa nyuma na Katiba ya 2010 kwa miaka 12 mizima. Mpya inatambua kuasili ndani ya ukoo, kwa hivyo shosho na maanti mnaolea watoto wa ndugu zenu mkija na swali msianze na "sijui kama nahusika", mnahusika. Inatambua pia kafala, ule ulezi wa mtoto kwa sheria ya Kiislamu, na wenzetu Waislamu wa Eastleigh na South C waliokuwa wanakaa kimya kwa mikutano sasa ndio wanaongea zaidi ya wote, karibuni sana.

Sasa mwaka ujao. Kamati ilivutana. Wengine wanataka tupiganie gharama za mawakili, na sikatai ziko juu, lakini mimi nimesimama na livu. Sheria ya watoto inasema miezi mitatu mkae pamoja ndio korti iwasikize, halafu sheria ya ajira inakupa mwezi mmoja. Hiyo miwili ingine mtoto anajuana na nani, dada wa kazi wa nyumba? Mtoto wa miaka minne aliyekulia makao ya watoto wiki za kwanza halali, anaficha mkate chini ya mto, ukienda choo analia akidhani umeenda kabisa. Na serikali yenyewe ina mpango wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwa makao wakaishi kwa familia. Hizo familia zinaenda kazi Jumatatu.

Kwa hivyo tumeandaa ombi kwa Bunge chini ya kifungu cha 119 cha Katiba, huo mwezi mmoja wa livu uwe miezi mitatu. Rasimu iko kwa grupu, isomeni yote tafadhali, si mistari miwili halafu emoji. Wenye barua za kunyimwa livu leteni kopi kwa katibu, majina yenu na ya mabosi tutayafuta kabla ya kuambatanisha. Kura itapigwa kwa mkutano mkuu, na atakayepinga apewe nafasi aseme, kelele ya mwaka jana sitaki. Njooni na vitambulisho kwa sababu sahihi bila nambari haitakubalika, na watoto waje, kutakuwa na mtu wa kuwaangalia.