Risala ya Wahitimu wa Fani ya Ufundi wa Mitandao kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana chuoni kwetu, na ahsante kwa kuitikia wito.

Ulipofika getini, mlinzi aliinua simu kumjulisha Mkuu wa Chuo. Simu ile, kamera iliyo juu ya geti na kompyuta ya mhasibu zote zinatumia mtandao mmoja. Tuliufunga sisi, kwa kompyuta kuukuu na programu ya Asterisk, inayoigeuza kompyuta kuwa swichibodi, yaani mtambo wa kuunganisha simu; programu aliyoianzisha Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999 na ambayo hadi leo hupatikana bure. Zamani swichibodi ilikuwa na nyaya zake na fundi wake, kamera nazo zao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuvuta waya kulituchukua siku chache. Kilichotutoa jasho ni sauti. Barua pepe ikichelewa sekunde mbili, nani atajua? Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, watu huanza kukatizana kwa “haloo, haloo”. Na simu moja haili hata kilobiti 100 kwa sekunde! Wiki ya kwanza, kila mhasibu alipotuma mafaili makubwa, simu zilikwaruza, naye akatulaumu, kwa haki. Ndipo tukaipangia foleni swichi, kifaa kinachounganisha nyaya zote za mtandao: sauti ipite kwanza, video ifuate, mafaili yasubiri.

Mtambo wa simu tumeuweka humu humu chuoni. Hatujasahau Mei 2024, mikongo ya intaneti ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini. Simu ya getini kwenda ofisini haina sababu ya kuvuka bahari.

Pamoja na hayo, tuna tatizo ambalo wauzaji wa mitambo hii hawapendi kulitaja. Simu za waya za zamani zilipata umeme kutoka kituo cha simu, hivyo ziliendelea kulia hata mtaa ukiwa gizani. Za kwetu umeme ukikatika hunyamaza, na kamera hulala pamoja nazo.

Kwa hiyo tunaomba swichi moja ya matundu 24 inayopeleka umeme kupitia waya wa mtandao, na betri za akiba za kuibeba kwa saa nne.

Baada ya chai, tafadhali pita mapokezi upige 104. Tutapokea.

Ni sisi wahitimu.