Barua kwa mwanangu Neema: kiti cha tuba kikubali

Marangu, Kilimanjaro

Mwanangu mpendwa Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu, na bibi kila siku anauliza kama huko mnapata ndizi. Nimemwambia zipo, ila si mshare, naye ameguna.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikiwa shambani, nikaurudia nilipofika nyumbani. Nimesikia kwamba bendi ya kijiji unachoishi huko Ujerumani imepata habari kuwa mwanafunzi wa uuguzi kutoka Tanzania alikuwa anapiga tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, kanisani kwao, na mwenyekiti wao amekufuata hadi hosteli kukuomba uje mazoezini Ijumaa, maana mzee wao wa tuba amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Halafu ukacheka: "Baba, ni polka! Um-pa, um-pa, hadi kuche." Kwa kicheko hicho nimeona nichukue kalamu, maana mambo haya siyamalizi kwa sauti ya WhatsApp.

Jibu langu ni moja: nenda. Ila usiende ukidhani kazi yenyewe unaijua tayari.

Usharikani tumekulea kwa nyimbo za kanisa. Kule besi inaimba pamoja na watu. Noti ni ndefu, unavuta pumzi waumini wanapovuta, mwisho wa mstari, na ukichelewa kidogo kinanda kinakufunika, hakuna anayejua isipokuwa mwalimu wa bendi. Kwenye polka hakuna wa kukufunika. Polka ni dansi inayohesabiwa mbili. Tuba inapiga pigo la kwanza na la pili, na katikati ya mapigo hayo ndipo wanapoingia wenzako wa honi. Wewe ndiye "um", wao ndio "pa". Noti zako ni do, kisha so ya chini, do tena, so tena, na kordi ikibadilika unaanza na do ya kordi mpya. Ukiitazama karatasi yako utaona haya mbele ya wenzako wa klarineti, ambao yao imejaa noti nyeusi toka ukingo hadi ukingo.

Basi sikiliza vizuri hapa. Noti ikiandikwa robo, yaani pigo zima, usiishikilie robo nzima. Ukifanya hivyo unaikanyaga "pa" ya wenzako, na wanaocheza wanaanza kuburuta miguu bila kujua kwa nini. Ukiikata mno nayo inasikika kama kikohozi. Inatakiwa ianze wazi, ulimi useme "du", si "tu", sauti ijae hapo hapo, kisha uiachie kwa pumzi. Usiizibe kwa ulimi. Kosa la kuizibia noti kwa ulimi wanalo wengi waliojifunza wenyewe, na mwalimu anaweza kulisikia akiwa nje ya ukumbi anafunga baiskeli yake.

Miaka ile nilipokuwa huko huko uliko, Oberschwaben, kusini mwa Ujerumani, kwenye mafunzo ya umakanika, kiongozi wetu alikuwa na mtindo wake. Katikati ya wimbo anainua mkono, bendi yote inanyamaza, anabakiza tuba na ngoma. Halafu anamshika mkono mke wa mpiga tromboni, aliyekuja tu kumsubiri mumewe, na kuanza kucheza naye kuzunguka ukumbi. Yule mama akijikwaa, mimi narudia. Wale wengine wanakunywa maji na kunitazama. Hakuwahi kunieleza kwa maneno kosa langu lilikuwa wapi. Nililiona kwenye viatu vya yule mama: noti ikiwa ndefu, kisigino kinachelewa kunyanyuka.

Zoezi la kufanya chumbani kwako, hata bila tuba, ni hili. Weka metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, kwenye simu, lakini iwe inagonga kwenye "pa", na "um" uitoe mwenyewe kwa mdomo. Mwanzoni utaona dunia inazunguka, maana umezoea kifaa kikubebee pigo, na sasa unalibeba wewe. Likikukaa, umeshapata nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kutokimbia. Kwenye hema la sherehe watu wakinogewa wanapiga makofi, na makofi yao yanakwenda mbio kila baada ya mistari michache. Wapiga klarineti watawafuata. Wewe na mpiga ngoma msiwafuate hata kidogo.

Waltz utaimudu, unapiga pigo la kwanza tu na kuwaachia wenzako la pili na la tatu. Machi unazijua.

Sasa habari ya chombo chenyewe. Watakupa tuba ya chama cha bendi, usinunue. Vyama vingi vya namna hii vina vyombo vyao na huwaazima wanachama. Yaelekea itakuwa tuba ya B yenye valvu za kuzunguka, si hizi za kubonyeza pistoni kama ile yetu ya usharikani iliyotoka kwa wafadhili. Bomba lake ukilinyoosha lote lina urefu wa mita tano na nusu hivi, na kilo zake kumi zitayajua mabega yako mkiandamana. Omba mkanda mpana. Na jambo moja la kukuepusha na fedheha siku ya kwanza: Wajerumani wakisema B wanamaanisha B flati. Ile B yenyewe wao wanaiita H. Tena wapiga tarumbeta na honi za tenori pale wanasoma kwa kuhamisha ufunguo, kwa hiyo C ya karatasi yao ni B flati yako. Sisi wa matarumbeta ya kanisa hatukulelewa hivyo. Sote tunasoma sauti kama inavyolia, ili tuweze kupiga moja kwa moja kutoka kitabu cha nyimbo pamoja na kwaya. Utaratibu huo ulitetewa sana na mchungaji Johannes Kuhlo wa Bethel, aliyepewa jina la jenerali wa matarumbeta. Kwa hiyo jirani yako akikuuliza "unapiga noti gani hapa?" usimjibu haraka.

Wakati wa baridi sauti ya shaba inashuka, na valvu huweza kuganda kabisa mkipiga nje Februari kwenye maandamano ya kanivali. Kipulizio kikae mfukoni hadi dakika ya mwisho. Chuma cha barafu mdomoni hakikusamehe.

Nirudi kwenye kicheko chako. Umesema ni muziki wa wazee walevi. Wazee wapo, na bia ipo. Lakini polka yenyewe hata si ya Wajerumani kwa asili. Ilianzia Bohemia, nchi ya Wacheki, miaka ya 1830, na kufikia miaka ya 1840 ilikuwa imeshawatia wazimu watu wa Paris. Tuba nayo ilisajiliwa Berlin tarehe 12 Septemba 1835 na Wilhelm Wieprecht, mkuu wa bendi za jeshi la Prussia, pamoja na mtengenezaji Johann Gottfried Moritz. Besi ya kijeshi ikaoana na ngoma ya vijijini, wakazaa hiki unachokicheka.

Halafu kuna Ernst Mosch. Jina hili utalisikia kabla hujamaliza mwezi, afadhali ulisikie kwangu kwanza. Alizaliwa mwaka 1925 huko Zwodau, eneo la Egerland, ambalo leo ni Jamhuri ya Cheki. Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, Wajerumani wapatao milioni 3 walifukuzwa Czechoslovakia, wengi wakiwa na kile walichoweza kubeba, na watu wengi wa namna hiyo wakapokelewa kusini mwa Ujerumani, hata kwenye vijiji vya huko uliko. Mosch alikuwa mpiga tromboni wa jazi, tena si wa kubahatisha. Alikuwa kwenye okestra ya dansi ya redio ya Stuttgart chini ya Erwin Lehn. Mwaka 1956 akakusanya wenzake wa okestra na kuunda bendi ya kupiga polka na waltz za kwao alikotoka, Egerländer Musikanten. Wanajazi hao walipiga polka kwa usafi ambao vijiji havikuwa vimeuzoea, na mpaka leo bendi za kijiji zinajipima kwa kipimo chao, hasa huo mtindo wa noti kujaa kisha kuachiwa niliokueleza juu.

Nimekueleza hayo kwa sababu ya kazi yako. Hapo kwenye nyumba ya wazee unakofanyia mafunzo, chunguza. Yumkini yupo bibi aliyeletwa huko akiwa mtoto mchanga na hao waliofukuzwa, na yupo anayesahau jina la binti yake lakini ukimpigia polka ya nyumbani kwao anaimba mistari yote. Wakati wangu bendi ilikwenda kwenye nyumba ya wazee kila Krismasi, na niliona kwa macho yangu mzee asiyesema neno akigonga meza kwenye "pa", bila kukosea hata mara moja. Wewe si mgeni wa jambo hili: babu yako miezi yake ya mwisho alitutambua kwa nyimbo tu.

Na kama unataka vijana, wapo. Tafuta LaBrassBanda, vijana wa Bavaria walioanza mwaka 2007, wanapiga peku, na tuba ndiyo besi yao badala ya gitaa. Mpiga tuba wao wa kwanza, Andreas Martin Hofmeir, ni profesa wa tuba pale chuo kikuu cha Mozarteum, Salzburg, nchini Austria, na mwaka 2013 alipata tuzo ya ECHO Klassik, tuzo ya Ujerumani ya muziki wa klasiki, kama mpiga chombo bora. Tuba yake ameipa jina, Fanny. Mama yako aliposikia hilo aliniangalia mimi.

Usidhani pia kwamba kazi yote iko hemani. Oberschwaben ni ya Wakatoliki, na bendi ya kijiji ndiyo inayotembea mbele ya ekaristi siku ya Mwili wa Kristo, asubuhi, barabarani, kwa mwendo wa taratibu unaochosha kuliko polka yoyote. Ijumaa inayofuata Sikukuu ya Kupaa kuna maandamano makubwa ya farasi kule Weingarten, wapanda farasi wapatao 2,000, na bendi za vijiji zinakuja kutoka pande zote. Novemba mtasimama kwenye mnara wa majina ya waliokufa vitani. Kuna mazishi. Kuna mzee anayetimiza miaka 80 mnampigia mlangoni. Sisi Walutheri tumekaribishwa kote huko, hakuna aliyeniuliza ubatizo wangu ili nipige besi.

Kuhusu bia sitakuhubiria. Sisi tuliozaliwa kwenye harufu ya mbege hatuwezi kujifanya tumeona pombe kwa wenzetu. Ila nakwambia kama mpiga tuba: midomo iliyokunywa haishiki sauti ya juu, na pumzi inakatika. Kule hemani kila baada ya muda mfupi mnapiga kile kipande kifupi cha kuwafanya watu wainue vikombe vya lita, na watu watakuletea na wewe. Omba juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi, hakuna anayekasirika. Ukiwa na zamu ya asubuhi, ondoka mapema, waambie una zamu. Wanaheshimu kazi.

Watakupiga picha pia, hilo nisikufiche. Binti mweusi mwenye tuba, ndani ya mavazi yao ya jadi, utakuwa kwenye gazeti la wilaya kabla hata hujajua nyimbo tatu. Wengi watafanya hivyo kwa furaha tu. Mwingine atakuuliza umetoka wapi, ukimjibu jina la kijiji unachoishi huko atauliza tena, "hapana, wapi hasa?" Mjibu Marangu, kisha umwambie kwamba wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na kwamba matarumbeta ya kanisani huku ni mazao ya Wajerumani wa namna hiyo hiyo, kwa hiyo wewe umekuja kurudisha chombo. Mimi jibu hilo lilinifaa sana. Lakini akitokea wa kukutukana, usilimeze ili kulinda furaha ya wengine. Mwambie kiongozi siku hiyo hiyo. Bendi isiyoweza kumtetea mpiga besi wake, mrudishie tuba yake na uondoke.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa. Baada ya mazoezi usikimbilie hosteli. Kaa nao mezani. Kijerumani cha darasani hakitakusaidia kumwelewa mgonjwa anayesema Kiswabia, lahaja ya huko, saa nane usiku anapokwambia panamuuma wapi. Lugha hiyo niliijulia pale mezani, kwa watu waliokuwa wanabishana kuhusu trekta.

Kipulizio changu cha zamani nimekisafisha, na mtoto wa mwalimu Mushi anayesafiri mwisho wa mwezi amekubali kukubebea, pamoja na kahawa. Kabla ya hapo ulizia hiyo tuba yao ni ya B au ya F, na uniambie, maana kama ni ya F vidole vitabadilika na itabidi nikuandikie upya. Uniambie pia wamekukalisha upande gani. Ukiweza kuchagua, omba kiti kilicho karibu na ngoma.

Ni mimi baba yako,
anayekupenda.